Kamera za Watu Ambao Dunia Haikuwaamini

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi ya picha, dada zangu na kaka zangu mliokuja leo na kamera mabegani, asalaam aleikum na habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie kamera za zamani. Nimechagua za Japani, zile zilizotengenezwa kuanzia vita vilipokwisha mwaka 1945 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndizo ninazoletewa kwa wingi kutengeneza. Nyingine zimetoka kabatini kwa babu, nyingine kwenye studio iliyofungwa zamani, nyingine zimenunuliwa mtandaoni na mtu asiyejua alichonunua. Na vijana wanaozileta huniuliza swali moja: inakuwaje kamera ya mwaka 1962 bado inapiga picha, na hii niliyonunua juzi imekwisha kufa?

Nitalijibu kwa maneno machache, kisha nitatumia muda uliobaki kulitetea jibu langu. Waliozitengeneza kamera hizi hawakuaminiwa na mtu. Miaka ile, mnunuzi wa New York au London akiona jina la Japani chini ya kifaa, alikihesabu kuwa kitu rahisi cha kuigiza, cha kuharibika mapema. Mjerumani alikuwa na jina. Mjapani alikuwa na deni la kujithibitisha, na alililipa kwa chuma na kioo. Ukiifungua kamera ya wakati ule utaiona juhudi hiyo ndani yake, mpaka mahali ambapo mnunuzi asingefika kutazama.

Tuanzie kwenye magofu. Kampuni ya Nippon Kogaku, ambayo sisi tunaijua kwa jina la kamera zake, Nikon, ilianzishwa Tokyo mwaka 1917. Kabla ya 1945 kazi yake kubwa ilikuwa ya jeshi, hasa jeshi la majini: darubini, periskopu za nyambizi, vipima umbali vya mizinga ya meli. Manowari Yamato, kubwa kuliko zote za zama zile, ilibeba vipima umbali vyao vyenye upana wa mita 15. Wafanyakazi walizidi 20,000. Agosti 1945 Japani ikasalimu amri, jeshi likavunjwa, na mteja wao mkubwa akatoweka mara moja. Walibaki watu takribani 1,400 na kiwanda kimoja cha Ohi, jijini Tokyo.

Watu hao 1,400 walikuwa na nini? Hawakuwa na malighafi, nchi ilikuwa na njaa, na mji wao ulikuwa umechomwa kwa mabomu. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa kuyeyusha kioo, kukisaga na kukipima mpaka kosa dogo lisiloonekana kwa macho lionekane. Na hapo pana hesabu ya uchumi ambayo napenda tuishike: kamera inakula chuma kidogo na kioo kidogo, lakini inakula ustadi mwingi. Nchi isiyo na madini ya kutosha wala mafuta, inayohitaji dola ili inunue chakula, ikipata bidhaa ya namna hiyo inakuwa imepata riziki. Utawala wa Wamarekani uliokuwa ukiikalia Japani nao uliliona jambo hilo, na kamera zikawekwa miongoni mwa bidhaa za kuuzwa nje. Wanunuzi wa mwanzo walikuwa askari wa Marekani wenyewe, kwenye maduka ya kambini.

Nikon ya kwanza ilitoka mwaka 1948. Mafundi wake walitaka kubana matumizi. Picha ya kawaida ya mkanda wa milimita 35 ni milimita 24 kwa 36. Wao wakaifanya 24 kwa 32, ili mkanda uliozoea kutoa picha 36 utoe 40. Kwa nchi ambayo mkanda ulikuwa ghali, ilikuwa busara. Lakini Marekani mashine za kukata picha za slaidi zilikuwa zimepangwa kwa kipimo cha 36, na kamera hiyo haikuruhusiwa kuuzwa huko. Mwaka uliofuata wakaleta Nikon M, yenye milimita 34, wakiwa wamekwenda nusu ya njia. Wakusanyaji leo wanauza Nikon hizo kwa bei ya gari, na wanazitambua kwa namba zake zinazoanza na 609, yaani mwezi wa tisa wa mwaka 1946, wakati kazi ya kuibuni kamera ilipopitishwa.

Canon nayo ina historia yake ya kupendeza. Ilianza mwaka 1933 kama karakana ndogo Tokyo, na kamera yao ya majaribio ya mwaka 1934 waliiita Kwanon, jina la mungu wa huruma katika dini ya Kibudha. Kamera ya kwanza kuuzwa ilipotoka mwaka 1936 ilikuwa na lenzi ya Nippon Kogaku, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa hawajui bado kutengeneza lenzi. Mahasimu wakubwa mnaowaona leo wakigombania kila uwanja wa mpira walianza wakisaidiana! Na aliyeiongoza Canon kutoka kwenye magofu ya vita alikuwa Takeshi Mitarai, daktari wa uzazi.

Sitaficha kwamba mwanzoni walinakili. Baada ya vita mataifa yaliyoshinda yalifuta nguvu ya hataza za Ujerumani, yaani haki za wavumbuzi kuzuia wengine wasiige, na viwanda vya Tokyo vikatengeneza kamera zilizofuata Leica, kamera mashuhuri ya Kijerumani, karibu skrubu kwa skrubu. Canon za wakati ule, Nicca, Leotax, zote zina nasaba hiyo. Wapo wanaozidharau kwa sababu hiyo. Mimi nasema fundi yeyote amejifunza kwa kufungua kazi ya mwenzake na kuirudisha, na kipimo cha uhodari ni anachofanya baada ya hapo. Tena kunakili kulileta jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Kwa kuwa lenzi za Nippon Kogaku zilikuwa na nyuzi zilezile za kufungia, lenzi ya Tokyo iliweza kuingia kwenye Leica bila tatizo. Mpiga picha aliyeidharau kamera ya Kijapani angeweza kuijaribu lenzi yake bila kuiacha Leica yake.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1950, na hapa naomba tutulie kidogo.

David Douglas Duncan alikuwa mpiga picha wa gazeti la Life, Mmarekani, mwanajeshi wa zamani wa majini, mtu wa Leica. Alikuwa Tokyo. Mwenzake kijana, Jun Miki, alimpiga picha chumbani kwa mwanga hafifu, akitumia lenzi ya Nikkor, jina la lenzi za Nippon Kogaku, ya milimita 85, yenye tundu la f/2, yaani tundu pana linalopitisha mwanga mwingi. Duncan hakuitilia maanani, lenzi ya Kijapani ina nini? Siku iliyofuata Miki akamletea picha iliyochapwa kubwa. Duncan alipoitazama kwa makini alishangaa ukali wake. Hakubaki hotelini kuistaajabia. Yeye na mwenzake Horace Bristol walikwenda kiwandani Ohi, wakapokewa na mkuu wa kampuni, Masao Nagaoka, wakazipima Nikkor dhidi ya lenzi zao za Kijerumani kwa kuzimulika ukutani. Nikkor zikashinda.

Duncan alizifunga lenzi hizo kwenye Leica zake. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo vita vya Korea vikaanza, naye akaenda. Picha zilipofika New York, wahariri waliona ukali ambao hawakuutarajia kutoka vitani, kwenye matope na baridi kali. Wapiga picha wengine waliokuwa wakipita Tokyo kwenda Korea wakaanza kununua lenzi hizo. Tarehe 10 Desemba 1950 gazeti la New York Times likaandika habari za lenzi na kamera za Kijapani, na simu kiwandani Ohi zikaanza kulia. Sijui tangazo la biashara lingeweza kununuliwa kwa fedha kiasi gani likafanya kazi ya ile picha moja ya Miki. Namtaja Miki kwa makusudi, maana hadithi hii husimuliwa siku zote kama ya Duncan, na aliyekuwa na imani na lenzi ya nyumbani kwao kabla ya kila mtu ni huyu kijana wa Kijapani.

Hata hivyo shaka haikwisha kwa makala moja. Bidhaa nyingi za Japani zilizouzwa nje kati ya 1947 na 1952 zilibeba maandishi kwamba zimetengenezwa katika Japani iliyo chini ya ukaliaji. Ukikutana na kamera au kesi ya ngozi yenye maandishi hayo ya Kiingereza, itunze, maana tarehe yake imejiandika. Mkataba wa amani ulipoanza kutumika Aprili 1952, maandishi yakabadilika, ila sifa mbaya ya bidhaa duni ilibaki. Wenyewe wakaamua kujikagua. Mwaka 1954 ikaundwa taasisi huru ya ukaguzi wa kamera, JCII, na ukaguzi huo ukawa masharti ya kuuza nje. Ndiyo asili ya kile kibandiko kidogo cha dhahabu, umbo la yai, chenye neno la Kiingereza la kusema imepita. Wengi wenu mmekikwangua kwa kucha mkidhani ni uchafu wa dukani. Kiacheni. Kinaeleza kwamba wakaguzi wasio wa kiwanda waliruhusu kamera za aina hiyo zivuke bahari.

Na bado mnunuzi wa Marekani alihitaji kubembelezwa. Pentax ziliuzwa huko zikiwa na jina la Honeywell juu ya uso. Canon zikaandikwa Bell & Howell. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu katika Friendship 7, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo, alipiga picha kwa kamera ndogo aliyoinunua kwenye duka la dawa huko Cocoa Beach, Florida, kwa takribani dola 40. Mafundi waliigeuza juu chini, wakaifungia mpini ili aiendeshe akiwa amevaa glovu. Kwenye kamera limeandikwa Ansco Autoset. Aliyeiunda ni Minolta, huko Osaka, nayo kwao iliitwa Hi-Matic. Kamera ya Kijapani ilifika angani ikiwa na jina la mwingine, na hilo linaonyesha Japani ilikuwa inasimama wapi kwenye soko mwaka ule.

Sasa tuwaache wateja wa nje. Ndani ya Japani kwenyewe nani alikuwa na kamera? Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wachache. Mtu wa kawaida alipata njia kwa Ricohflex III ya mwaka 1950. Ni kamera ya lenzi mbili, unaitazama kutoka juu kwa kuinamisha kichwa, inatumia mkanda wa 120 na kutoa picha 12 za mraba. Nimekuja nayo, ipo pale mezani, na ningependa kila mmoja aishike. Tazameni midomo ya lenzi zake: ina meno ya gia. Ukizungusha lenzi ya chini, meno yake yanaisukuma ya juu, na zote mbili zinafokasi pamoja. Kamera za bei kubwa zilifanya kazi hiyo kwa kusogeza ubao mzima wa mbele mbele na nyuma, kwa njia na reli zilizofichwa. Huyu aliyeibuni Ricohflex akasema hapana, gia mbili nje, kila mtu azione. Ni bati iliyokunjwa, imeundwa kwa mnyororo wa kiwandani, na bei yake iliwafungulia mlango watu ambao kamera kwao ilikuwa kitu cha kutazama kwenye kioo cha duka. Viwanda vingi vikaiga, na miaka michache kamera za lenzi mbili zikajaa nchi nzima.

Lakini kamera ninayoipenda kuliko zote katika hadithi hii ni ndogo zaidi. Ni Olympus Pen.

Yoshihisa Maitani alizaliwa mwaka 1933. Tangu akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waseda alikuwa mpiga picha wa kweli, akitumia Leica ya familia. Alijiunga na Olympus mwaka 1956, na akiwa bado kijana kazini aliambiwa abuni kamera anayoitaka. Akaanza na bei. Kamera za kampuni yake zilizidi yeni 20,000 na mshahara wake wa mwezi haukutosha kuinunua hata moja, kwa hiyo akajiwekea yeni 6,000. Wazee wa kampuni walimwona kijana asiyejua biashara.

Angalieni alivyozitumia zile yeni 6,000, maana hapo ndipo somo la ubunifu lilipo. Mtu mwingine angeanza kwa kuipunguza lenzi, kwa sababu lenzi ndiyo ghali. Maitani alianza na lenzi. Aliwaendea mabingwa wa lenzi wa Olympus akawaomba wamtengenezee Zuiko, jina la lenzi za Olympus, ya milimita 28, f/3.5, yenye ubora unaolingana na Tessar, lenzi mashuhuri ya Wajerumani, bila kubana fedha. Ilipotoka ilikuwa nzuri mno, na karibu fungu lote la fedha lilikuwa limekwisha. Ndipo akaanza kuondoa vingine. Kipima mwanga hakuna. Wenzo wa kuvuta mkanda unahitaji gia nyingi, akauondoa, badala yake gurudumu la meno nyuma ya kamera linalosukumwa kwa kidole gumba. Kasi za shata, yaani kizuizi kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, zikawa nne tu, kuanzia 1/25 hadi 1/200, pamoja na ile ya kuacha wazi. Na picha yenyewe ikawa nusu ya kawaida, milimita 18 kwa 24, kwa hiyo mkanda wa picha 36 ukatoa 72. Lile wazo la Nikon ya 1948, la kumwonea huruma mnunuzi wa mkanda, limerudi kwa nguvu zaidi, na safari hii hakuna mashine ya slaidi ya Marekani ya kulizuia.

Ndani ya kampuni kulikuwa na waliokataa kuiunda kiwandani kwao, wakaiona kama kitu cha kuchezea, na mwanzoni ikabidi iundwe nje. Ilitoka Oktoba 1959 na watu wakaigombania. Mwaka 1961 ikafuata Pen EE, yenye pete ya seli za seleniamu inayozunguka lenzi. Haina betri. Mwanga ukiipiga ile pete unazalisha umeme wa kutosha kusogeza sindano, na sindano inaamua tundu la lenzi lifunguke kiasi gani. Giza likizidi, kijiulimi chekundu kinapanda kwenye dirisha la kutazamia na kitufe kinakataa kushuka. Mama aliyebeba mtoto kwa mkono mmoja angeweza kupiga picha bila kusoma namba yoyote, na ndivyo Maitani alivyotaka. Familia nzima ya Pen iliuzwa zaidi ya milioni 17.

Nimeshika Pen ya mwanzo mkononi hapa. Tazameni dirisha lake: limesimama wima. Ukiishika kawaida picha inatoka ndefu kwenda juu, kama tunavyoshika simu leo. Ukitaka mandhari ya bahari lazima uilaze. Jaribuni kusukuma gurudumu lile la nyuma. Linasukumika laini, halitetereki, na picha ikishasogea linakaza lenyewe. Kila senti iliyoondolewa kwenye kamera hii iliondolewa mahali ambapo mkono wako hautaihitaji.

Tuje kwenye kamera za kioo, zile ambazo jicho linaona kupitia lenzi ileile inayopiga. Katika kamera za kioo za zamani, ukibonyeza kitufe, kioo cha kujitazamia kilicho ndani, kinachopeleka picha kwenye dirisha, kilipanda na kubaki juu. Dirisha likawa giza. Ulikuwa hujui mtu uliyempiga amefumba macho au amegeuka, mpaka uvute mkanda tena. Mafundi wa Asahi, waliotoa kamera ya kwanza ya Japani ya aina hiyo ya milimita 35 mwaka 1952, walitoa Asahiflex IIb mwaka 1954 yenye kioo kinachorudi chenyewe papo hapo. Inaonekana jambo dogo. Kwa anayepiga picha za watu ni kama kufunguliwa macho, kwa maana unapiga na unaendelea kumtazama mwenzako usoni. Mwaka 1957 wakaongeza prizimu, kipande cha kioo chenye pembe kilicho juu ya kamera, inayokuonyesha kulia kuwa kulia na kushoto kuwa kushoto, na wenzo wa kuvuta mkanda upande wa kulia. Hiyo ndiyo Asahi Pentax, na umbo lake ndilo umbo la karibu kila kamera ya kioo iliyofuata.

Nikon F ya mwaka 1959 haikugundua kitu kipya chochote. Nalisema hili mbele ya wapenzi wa Nikon, na najua mtaninunia. Kioo cha kurudi, prizimu, lenzi za kubadilishwa, vyote vilikuwepo tayari. Walichofanya Nikon ni kuvikusanya katika kamera moja na kukataa kulegeza popote. Dirisha linaonyesha picha yote, asilimia 100, bila kukata pembeni. Mapazia ya shata ni ya titani nyembamba, hayachomwi na jua wala hayakunjamani kama kitambaa. Prizimu inatoka, mgongo unatoka wote, kila kitu kinabadilishwa. Ile sura yake yenye pembe tatu kali juu ilichorwa na Yusaku Kamekura, ndiye huyohuyo aliyechora duara jekundu la Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964. Ziliundwa zaidi ya 860,000 kabla ya kustaafishwa katika miaka ya 1970. Don McCullin, mpiga picha wa vita wa Uingereza, akiwa Kambodia risasi iligonga Nikon F yake. Kamera ikapasuka, yeye akabaki hai.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 Japani ilikuwa imeipita Ujerumani Magharibi katika kuzalisha kamera. Miaka kumi na kitu tu tangu Duncan aidharau Nikkor! Kuna Canonet ya 1961, kuna Yashica Electro 35 ya 1966 iliyoachia umeme upange muda wa shata, kuna Pentax Spotmatic na Minolta SR-T 101 zilizopima mwanga kupitia lenzi. Hizi za mwisho ningeweza kuzizungumzia hadi jioni, lakini muda hauruhusu, na nataka nisiwaache bila kuwaambia namna ya kuzitunza.

Adui wa kwanza hapa pwani ni kuvu. Kamera iliyokaa miaka ndani ya kesi ya ngozi, kabatini, kwenye unyevu wetu, inaota nyuzi nyeupe ndani ya lenzi. Ngozi inashika maji. Itoe kamera humo na uitunze mahali pakavu, pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Kabla ya kununua lenzi, fungua tundu lake lote, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma, itazame kwa pembe. Nyuzi chache pembezoni zinasafishika. Kioo kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Adui wa pili ni sponji. Mlango wa nyuma wa kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ulizibwa mwanga kwa sponji nyembamba, na chini ya kioo ipo nyingine ya kupokea kishindo chake. Leo zimegeuka utomvu mweusi unaonata. Usizikwangue zikaangukia kwenye mapazia ya shata. Zitoe taratibu kwa kijiti na spiriti, weka mpya, nusu saa kazi imekwisha.

Betri zinasumbua wengi. Vipima mwanga vya zamani vilipangwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo zimepigwa marufuku karibu kila mahali. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5, kwenye kamera nyingi kipimo kinadanganya na picha zinatoka na giza. Zipo betri ndogo za vifaa vya kusaidia kusikia, zinazotumia hewa, zenye volti 1.4, zinafaa ingawa hazidumu. Wenye Spotmatic msihangaike: saketi yake ilipangwa kwa namna ambayo tofauti hiyo ya volti haiisumbui. Mwaka 1964 mtu aliliwaza hilo.

Mwenye Electro 35 avute wenzo wa mkanda na kusikiliza. Anatakiwa asikie mgongano mdogo ndani. Asipousikia, kipande cha mpira kilichomo ndani kimeoza, na kasi za shata haziaminiki mpaka kibadilishwe. Na mwenye Takumar, lenzi ya Pentax, ya milimita 50 f/1.4 ambayo imekuwa ya manjano asiitupe. Baadhi ya vioo vyake vilichanganywa na thoriamu ili viwe bora zaidi, na thoriamu hiyo ndiyo inayobadilisha rangi ya kioo kadiri miaka inavyopita. Iweke dirishani ipate jua kwa muda, manjano yatapungua.

Nawaomba jambo moja, hasa ninyi mliorithi kamera za wazazi. Msiziweke rafuni kama mapambo. Grisi inaganda, shata inashika. Kamera hizi ziliundwa na watu waliotaka zipimwe kwa kazi, na kila skrubu yake inafunguka kwa bisibisi. Mkanda haupatikani kila duka siku hizi na kuusafisha kuna gharama, nalijua hilo. Pateni mmoja kwa miezi michache, upigeni wote, na katikati ya hapo bonyezeni shata tupu kwa kasi zote.

Sasa tusogee mezani. Kila mwenye kamera afungue mlango wa nyuma, bila mkanda, aweke kasi ya sekunde moja au ile ya polepole kuliko zote alizonazo, aelekeze lenzi dirishani na kubonyeza. Anayeona mwanga ukipita na shata ikijifunga vizuri, akae upande wangu wa kulia tuweke mkanda. Ambaye shata yake imebaki wazi katikati, aje kushoto na bisibisi yake, tuanze na huyo.